Mnana, Panya na Kamba ya Susu

Mvua iliporudi Ukambani mwishoni mwa 1984 bado tulikuwa tunakula mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Njaa ile wazee waliipa jina Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, kwa kuwa pesa mtu alikuwa nazo mkononi na dukani hamna kitu. Kwetu Tala, nepia ya kwenye matuta ya fanya juu ilichipuka hadi ikanipita kimo, na minana wakarudi.

Nilikuwa na miaka tisa. Kutwa nilimtazama mnana dume akichana jani la nepia likawa uzi mrefu, akaruka nao hadi mgungani, akaupiga fundo kwa mdomo. Jike alikuja, akachungulia, akaenda zake. Dume akakifumua kiota chote, akaanza upya. Niliona uchungu kwa niaba yake.

Mwanzoni mwa 1985 nilikata kiota kimoja kikavu, kilichoachwa, nimpelekee susu, bibi yangu. Njiani kikatikisika mkononi mwangu. Nilipoutanua mlango kwa kidole nilimwona panya, mwili umetoshana na kidole chenyewe, mkia mrefu kuupita mwili, ameuzungusha kwenye unyasi kama anayeshika kamba. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa jamii yake, Dendromus, hupanda mabua, hujifumia viota vya nyasi, na pengine huhamia vya ndege.

Nilitaka kumpiga. Baada ya njaa, nani angemhurumia panya? Mnana naye alikula mtama wetu mchana kweupe, tukamfukuza kwa kelele tu, kisha tukamsifu kwa ufundi. Hilo linanisumbua hadi leo.

Sikumpiga. Nilipofika nacho, susu alikuwa kwenye kigoda, anasuka kiondo cha mkonge. Alikipokea kiota, akakigeuza polepole, akayapapasa mafundo ya nje moja moja kama anayekagua kiondo cha mwenzake sokoni.

"Huku nje ni kazi ya fundi," akasema. "Sasa shika huku ndani, mwanangu."

Nikatia kidole. Panya alikuwa ameyatafuna majani hadi yakawa laini kama pamba, na palikuwa na joto.

Susu alikata kipande cha kamba yake ya mkonge akanituma nikakifunge kiota palepale nilipokitoa. Asubuhi nilikwenda kuangalia. Mlango niliokuwa nimeutanua ulikuwa umezibwa, kwa nepia mbichi.