Breki za Ami

Waswahili wa kale waliusemea sana mwendo. Haraka haraka haina baraka, walisema. Na wakakariri kuwa pole pole ndio mwendo. Kuhusu kusimama walisema machache, pengine kwa sababu chombo cha baharini hakina breki. Nahodha atakaye kusimama hukisia upepo na mkondo wa maji, akatua tanga mapema, kisha akatia nanga. Gari lilipofika pwani, lugha iliweza kulipa usukani, neno lililokwisha kuongoza majahazi karne na karne. Breki ililazimika kuazimwa kwa Waingereza.

Kisiwani Manda magari ni machache, na njia aghalabu ni za mchanga na mawe. Pikapu moja miongoni mwa hizo chache ilikuwa ya mzee ambaye watu wengi wa Maweni walimwita Ami, hata wasiokuwa jamaa zake. Maweni ni kijiji cha wachonga mawe, na kazi ya pikapu hiyo ilikuwa kuyachukua mawe kutoka machimboni hadi ufukweni, ambako vyombo huyapakia kuyavusha ng'ambo. Ikirudi, ilibeba mapipa ya maji, kwa kuwa Manda haina maji matamu ya kutosha. Kukwama kwake siku moja kulikuwa kukwama kwa jiko la zaidi ya nyumba moja.

Mwezi wa Agosti 2022, wakati wa kusi, mwana wa nduguye Ami alikuja likizoni kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisomea Kiswahili. Alibusu mkono wa mzee, akapanda pikapu. Hawajafika mbali, akausikia mkwaruzo: chuma kikisaga chuma kila Ami alipokanyaga breki, na usukani ukitetemeka. Akatazama nyuma. Vijana wawili waliokaa juu ya mawe waliinamisha vichwa. Nao walikuwa wakiusikia, tena kwa wiki kadhaa. Ami peke yake ndiye aliyekuwa hausikii, kwani masikio yake yalikwisha kuchakaa kwa mashine za boti na nyundo za machimboni. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kumwambia mzee kuwa gari lake lalia ni sawa na kumwambia kuwa yeye mwenyewe hasikii, na nani angekuwa wa kwanza kumvunjia heshima?

Alasiri hiyo hiyo pikapu ilipita mahali ilipozoea kusimama. Ilipotulia, magurudumu ya mbele yalikuwa hatua mbili kutoka ukingoni mwa maji, kina kikiwa cha kumfikia mtu shingoni. Ami alicheka, akasema mchanga ulikuwa mbichi. Vijana wawili wale walicheka pia. Kijana wa chuo hakucheka.

Usiku, baada ya chakula, alisema: "Ami, niwie radhi. Breki zinalia, nawe huzisikii."

Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Hatimaye aliuliza: "Tangu lini?"

"Wasema tangu kabla ya Ramadhani."

"Mbona hamkunambia?" Halikuwa swali la kujibiwa, wala halikujibiwa.

Diski mbili mpya na pedi zake ziliagizwa Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Mgongo wa Ami haukumruhusu kuinama tena. Hivyo basi mikono ilikuwa ya kijana, na elimu ilikuwa ya mzee aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mwarobaini. Magurudumu ya nyuma yalizuiwa kwa mawe. Nati zililegezwa gurudumu likiwa bado chini, kwani likishainuliwa huzunguka na spana. Baada ya jeki, egemeo madhubuti liliwekwa chini ya fremu, maadamu jeki si kitu cha kuaminiwa na roho ya mtu.

"Mato mbee, mikono nyuma," alisema Ami kwa Kiamu chake, akimaanisha atazame kabla ya kugusa.

Kalipa, kile kishikio kinachozibana pedi, ilifunguliwa bolti zake ikafungwa kwa waya kwenye springi, isije ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta ukapasuka. Diski ya zamani ilikuwa na mifereji kama jiwe la kunolea visu. Ukingoni iliandikwa unene wa mwisho unaokubalika, milimita 20. Ilipopimwa ilikuwa na 17. Chumvi ya bahari nayo ilikuwa imeigandisha. Si mbali na hapo, kuta za mawe za Takwa, mji ulioachwa katika karne ya 17, zingali zimesimama. Chuma hakina subira hiyo mbele ya pepo za bahari. Kijana alitaka kuigonga kwa nyundo. Ami akamwonyesha matundu mawili yenye hesi: bolti zikatiwa humo, zikakazwa kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, mpaka diski ikaachia kwa mlio ambao hata mzee aliuhisi miguuni.

Walipopumzika, kijana alitoa daftari lake la istilahi, akasoma kwa fahari kidogo: "Kisahani kizuiamwendo."

"Mwanangu," Ami alisema, "ukenda na hilo dukani Mvita, watakuuzia komeo la mlango. Sisi twaita diski."

Kijana alilifuta.

Kutu ya kitovu ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ili diski mpya ikae sawa. Mafuta ya kuihifadhi yalioshwa kwa sabuni na maji ya jabia, kidogo kidogo, kisha ikakaushwa. Pistoni ilirudishwa ndani taratibu, kijana akichungulia kopo la mafuta ya breki yasifurike. Upande wa pili ulifanywa vivyo hivyo, kwani diski hubadilishwa jozi.

Jua lilikuwa likielekea kuchwa kazi ilipokwisha. Kijana aliruka ndani kwa furaha, mkono tayari kwenye ufunguo. Ami aliudaka mkono huo dirishani.

"Kanyaga kwanda."

Alikanyaga. Pedali ilizama mpaka chini, laini, kana kwamba hapakuwa na breki kabisa. Pistoni zilizorudishwa zilikuwa bado hazijazifikia pedi. Alikanyaga mara ya pili, ya tatu; mara ya tano ikawa ngumu kama jiwe la Maweni. Alitazama mteremko uliokuwa mbele yake, na maji yaliyokuwa mwisho wake, asiseme neno.

Walikwenda polepole hadi ufukweni, wakisimama na kuondoka, kuzifunza pedi diski zao mpya. Usukani haukutetemeka. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Walia?" Ami aliuliza.

"Haulii, Ami."

"Ukilia tena, nambie siku ile ile."

Siku ya pili yake, vijana wawili wale walipopanda juu ya mawe, mmoja wao aliinama dirishani akasema kwa sauti ya kusikika kuwa kioo cha nyuma kimelegea. Ami alisimamisha gari, akashuka kukitazama.