Vim, njia za mkato na u yenye kiwimbi

Haya, leo tuongee jambo dogo: vitufe.

Mimi ni mtu wa Vim. Wapo wa Emacs, wapo wa Notepad, sigombani na mtu. Kwa miaka mingi nilijitengenezea njia za mkato chungu nzima kwenye faili yangu ya .vimrc: ya kuhifadhi, ya kuendesha programu, ya kupanga mistari. Zote za kuniokolea sekunde mbili kazini, pale Kimathi Street. Ya kuandika lugha ya nyanya yangu sikuwa nayo hata moja.

Nyanya alifariki 2009. Nikapewa kazi ya kuchapa wasifu wake kwa Kikuyu, maana mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nikakesha nikichapa, asubuhi nikapeleka River Road kutoa nakala. Herufi ĩ na ũ sikuziweka. Kwenye kibodi hazipo, nikasema watu wataelewa tu.

Shangazi ndiye aliyesoma kaburini, huko Uthiru. Alipofika mahali nilipotaka kusema Mungu alimtuma nyanya kwetu, akasita. Kwa Kikuyu, tũma ni kutuma. Tuma ni kushona. Kwenye karatasi yangu, Mungu alikuwa amemshona nyanya. Shangazi akarekebisha kwa mdomo, akaendelea. Jioni, tukinywa chai, akaniuliza taratibu: "Sasa mwanangu, hizo kompyuta zenu hazina u yetu?"

Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwepo. Ndani ya Vim, ukiwa unaandika, bonyeza Ctrl-K, kisha u, kisha alama ya kuuliza: unapata ũ. Anza na i badala ya u, unapata ĩ. Na aliyeandika Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, hakuwa mgeni huku kwetu: 1994 alijitolea kufanya kazi Kibaale, Uganda, na hadi alipofariki 2023 aliwaomba watumiaji wa Vim wachangie watoto wa huko.

Ila kubonyeza mara tatu kwa herufi moja, katika lugha iliyojaa ĩ na ũ, kunachosha. Nikaongeza mistari hii:

inoremap ;u ũ
inoremap ;i ĩ

Nilichagua nukta mkato kwa sababu katika maandishi ya kawaida hufuatwa na nafasi, si herufi. Raha! Mpaka Jumatatu kazini nilipoandika for(i=0;i<10;i++) nikapata for(i=0ĩ<10ĩ++). Programu ikagoma. Dawa ni kuzifuta zile mbili na kuweka hizi, ambazo hufanya kazi kwenye faili za .txt peke yake:

autocmd FileType text inoremap <buffer> ;u ũ
autocmd FileType text inoremap <buffer> ;i ĩ

Herufi kubwa nazo zifanyie hivyo hivyo, na uhakikishe faili yako ni UTF-8.

Zamani nilidhani njia ya mkato ni mambo ya kasi tu. Sasa naona kitu kilicho mbali na kidole mtu hukiacha, halafu anajiambia hakikuwa na maana. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina lake lina herufi zote mbili, aliandika riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi ya chooni. Mimi nilikuwa na kompyuta nzima mbele yangu, nikasema kibodi haina.

Nilichapa upya wasifu wa nyanya, kila ĩ na kila ũ mahali pake, nikampelekea shangazi. Akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti, bila kusita mahali.

Haya, nenda ukafungue .vimrc yako. Lugha ya kwenu ina herufi gani ambayo umekuwa ukiiruka?