Tano ni Siku Gani?

Koko wetu alizikwa mwisho wa Mei 2023, hapa Bukavu. Wiki chache baadaye nilimpelekea asistenti anayeniongoza hadithi nilizomrekodi koko kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Alitazama orodha ya faili, akavua miwani.

"Binti, hapa pameandikwa 12 Juni. Marehemu alikusimulia akiwa kaburini?"

Sikuwa na jibu. Anayedhaniwa amebuni tarehe hudhaniwa amebuni na maneno, na sauti ile sikuweza kwenda kuirekodi tena.

Kirekodi alinitengenezea binamu yangu, mwanafunzi wa informatiki, kwa Raspberry Pi ya zamani. Kompyuta hiyo ndogo haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, inasahau siku. Kwa hiyo aliiunganishia chipu ya saa, DS1307, yenye kibetri chake, akaandika mwenyewe draiva, yaani programu inayosoma chipu na kuupa mfumo wa Linux tarehe na saa.

Nilifungua daftari langu. Siku ile niliiandika kama tunavyosema nyumbani: "siku ya tano". Katika faili pia, kando ya tarehe, mashine iliweka namba ya siku: 5. Lakini tano ipi? Kiswahili sanifu huhesabu kuanzia Jumamosi, basi tano yake ni Jumatano. Alhamisi nayo ni tano, kwa Kiarabu, kinachoanzia Jumapili. Sisi huanza baada ya siku ya Mungu, na tano yetu ni Ijumaa. Siku tatu zinazofuatana, zote tano! Nikatazama kalenda: 12 Juni 2023 ilikuwa Jumatatu. Hakuna tano hata moja iliyolingana nayo. Lakini 12 Mei ilikuwa Ijumaa.

Nikamwendea binamu. Alisoma draiva yake, akashika kichwa.

"Yaya, nisamehe. Nilisahau kutoa moja."

Chipu huhesabu miezi kuanzia 1 hadi 12, lakini Linux huhesabu kuanzia 0 hadi 11. Mei ni 5 kwenye chipu. 5 ya Linux ni Juni. Kwenye siku za wiki alikuwa mwangalifu: ndani ya chipu Jumapili aliipa 1, Linux huipa 0, akatoa moja, ndiyo maana Ijumaa ilibaki 5. Mwaka pia hakukosea: chipu huweka 23, Linux huhesabu kutoka 1900, akaongeza 100 kupata 123. Hata lililo gumu zaidi alilikumbuka. Chipu huandika tarakimu moja moja, 12 kama 1 na 2, na mtu akiisoma kama namba ya kawaida ya kompyuta hupata 18. Ni mwezi tu uliompita. Mfumo nao haukulalamika, kwa sababu 12 Juni ni tarehe halali. Ungekataa Desemba, draiva ikileta mwezi namba 12, ambao Linux haina.

Chipu yenyewe ilikuwa sahihi muda wote, maana aliiwekea tarehe kwa mashine nyingine.

Tulirekebisha mstari mmoja. Majina ya zamani ya faili sikuyafuta. Niliandika ukurasa wa maelezo nikaurudisha kwa asistenti. Aliusoma mara mbili.

"Sawa. Na wewe, kila unapoandika 'siku ya tano', useme unahesabu kuanzia wapi. Msomaji wa Dar es Salaam atafikiri ni Jumatano."

Nilirudi kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Nilipoisikiliza tena rekodi ile hadi mwisho, nilimsikia koko akikatiza hadithi: "Tuishie hapa. Kesho ni siku ya posho, niko na mambo ya soko." Siku ya posho ni Jumamosi. Niliyanakili maneno hayo katika ukurasa wa maelezo, juu ya yale ya mashine.