Karama hakujitetea chumbani

Huku ughaibuni, mtu aliyependa hadithi akataka kuisoma kwa sauti ili na wengine waisikie hana wa kumwomba ruhusa. Agosti 2005 Hugh McGuire, mkaazi wa Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox: vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha husomwa na watu wa kujitolea, sura kwa sura, na sauti zao huwekwa kwenye intaneti bure. Walianza na The Secret Agent cha Joseph Conrad, na tangu hapo vitabu kwa maelfu vimefuata. Msomaji hapimwi kwa uzuri wa sauti. Hutakiwa kurikodi dakika moja ya majaribio ili ijulikane kifaa chake kinafanya kazi, kisha huchukua sura yake. Wengi hujifungia kabatini baina ya makoti, kwa sababu nguo hunyonya mwangwi; wakasoma, wakapeleka faili. Mtu mwengine, ambaye pengine yuko bara jengine na hawataonana maisha, huisikiliza akiwa na kitabu mbele yake, kisha huandika kwamba dakika ya saba limerukwa neno na dakika ya tisa amebweka mbwa. Lafudhi ya msomaji haiguswi, wala namna yake ya kusoma.

Mpango huo ni mzuri, na nausifu. Lakini umetokana na hali maalumu: ya watu wanaopenda kitu kimoja na hawakai pamoja. Kabati, faili na msahihishaji wa mbali viko pale kwa sababu wahusika hawana pa kukutana. Mzanzibari wa nje anayefikiria kuirikodi Kusadikika ya Shaaban Robert kule Fumba, Unguja, na ni hadithi inayostahiki, huelekea kuuchukua mpango huo mzima mzima: maikrofoni moja, chumba kimoja, msomaji mmoja, kimya. Naona nusu ya mpango huo Unguja haiihitaji, kwa kuwa Unguja ina njia yake ya kusoma kitabu kwa sauti, ya zamani zaidi na inayoifaa hadithi hii zaidi. Nusu ya pili, ile ya mlango kuwa wazi kwa kila anayetaka kusoma, ndiyo hasa tunayoikosa.

Tazama Maulidi ya Barzanji yanavyosomwa. Kitabu kimegawiwa milango, na milango hugawiwa wasomaji. Mmoja akimaliza wake, jamaa huitikia kwa kumsalia Mtume, na wa pili anapokea. Hakuna anayekisoma chote, na hakuna anayesoma peke yake. Kwenye hitima mgawanyo ni mwengine: juzuu thelathini huenezwa mikononi mwa waliohudhuria, kila mtu akasoma yake kwa wakati mmoja, na kitabu kikamalizika kwa kikao kimoja. Na kwenye chuo cha Kurani mtoto husoma mbele ya mwalimu ambaye haandiki makosa yake kwenye orodha. Humkatiza pale pale, akarudi nyuma na kusoma upya. Kugawana kitabu, kupokezana na kusahihishana, mambo matatu ambayo LibriVox iliyatafutia ufundi wa mitandao, yamo katika maisha ya kawaida ya mtu wa kijiji kama Bweleo au Dimani aliyepita chuoni, awe hajapata kuishika kompyuta.

Najua patakuwa na wa kusema kwamba kuyaweka Maulidi na hadithi ya kubuni kwenye sentensi moja ni kukosa adabu. Pingamizi hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini kinachoazimwa hapa ni mpangilio wa kikao. Utukufu unabaki kwenye kile kinachosomwa. Na pwani yetu haijawahi kuiwekea ibada peke yake sauti ya msomaji. Tenzi zilitungwa zighaniwe mbele ya watu, ukiwamo ule ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, ambao ni wasia wa nyumbani. Gazeti limesomwa kwa sauti kwenye baraza za Mji Mkongwe, mmoja akisoma na wanywa kahawa wakimkatiza kwa maswali. Hadithi za bibi nazo haziendi bila ya msikilizaji kujibu: asiyeitikia pakawa hahadithiwi.

Zaidi ya hayo, Kusadikika yenyewe inadai hadhira. Ilitoka mwaka 1951, kijitabu chembamba kinachosomeka kwa jioni chache, na takriban yote ni maneno ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya watu. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria katika Kusadikika, nchi inayoelea angani. Waziri Majivuno anamsomea mashtaka mbele ya mfalme na madiwani, naye anajibu kwa kuwakumbusha wajumbe sita waliopelekwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa na kulipwa kifungo. Ni falsafa iliyovikwa kesi, na kesi haiendeshwi kabatini. Shaaban Robert alikuwa mshairi kabla ya kuwa mwandishi wa nathari, na sentensi zake zinatembea mbili mbili, kipande kikitaka kujibiwa na kipande. Anayezisoma peke yake huanza kukimbia bila ya kujijua, kwani hakuna uso unaomwambia kwamba maana imempita msikilizaji. Mbele ya watu kumi anaona: yule ameinamisha kichwa, wale wawili wametazamana, na hapo hapo mwendo unapungua. Halafu mgawanyo wa kazi tayari mwandishi ameshaufanya. Wajumbe ni sita, basi wasomaji wawe sita, na wa saba asome kesi inayowafunga pamoja.

Hapo ndipo Fumba inapoingia, na sababu zake ni za kidunia kabisa. Mji Mkongwe una kila kitu ila utulivu: vespa vichochoroni, misikiti inayopokezana adhana, kunguru tangu alfajiri. Fumba ni ncha ya rasi, bahari ya Menai imeizunguka, na kelele zake zina ratiba. Kuna Fumba mbili siku hizi. Moja ni mji mpya unaojengwa Nyamanzi na kampuni ya CPS, ambao nyumba zake zinauzwa hata kwa wageni na kwa sisi tulio nje. Nyengine ni vijiji vya wavuvi, wakulima wa mwani na wafugaji wa chaza, ambavyo vilikuwapo kabla. Mtu wa nje hukimbilia chumba cha nyumba mpya, akiamini kuwa usasa ndio usafi wa sauti. Kumbe chumba kitupu chenye vioo, vigae na kuta zilizonyooka hurudisha kila neno mara mbili. Ukumbi wa nyumba ya kijijini, wenye paa la makuti, mkeka chini na godoro la sufi limeegemezwa ukutani, huumeza mwangwi vizuri kuliko lile kabati la makoti, na mvua ikija makuti hayapigi kelele kama bati. Kinachoharibu ni upepo. Kusi linapovuma upande ule, maikrofoni ya simu hunasa mvumo tu, kwa hivyo majira ni yale ya baina ya pepo mbili, matlai au leleji, na saa ni baada ya isha, watu wakishatulia.

Na siku je? Siku inategemea maji. Wanawake wa mwani wako pwani wakati wa bamvua, bahari inapokauka mbali. Maji yakiwa mafu ndio wana nafasi. Ratiba ya kusoma isiyojua hesabu hiyo itaishia na wasomaji wanaume peke yao, halafu tutasema wanawake hawakujitokeza.

Kuhusu usafi wa kurikodi, mtaalamu atauliza kikohozi, vikombe na watoto tutavipeleka wapi. Jawabu ni kusoma mara mbili. Kwanza kikao cha watu wote, ambacho hakirikodiwi au kinarikodiwa kwa kumbukumbu tu. Humo msomaji anaupata mwendo, na sentensi inayomshinda inajulikana. Kisha usiku ule ule, au kesho yake, anaisoma sehemu yake tena mbele ya watu wawili tu, kila mmoja na kitabu chake, wenye idhini ya kumkatiza kama mwalimu wa chuoni. Programu ya bure ya Audacity inatosha kukata palipokosewa. Faili nayo isiwe kubwa: kipimo cha LibriVox, kilobiti 128 kwa sekunde, kinakula karibu megabaiti 58 kwa saa, na kwa mtu anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo. Sauti ya mtu mmoja inasikika vizuri tu kwa robo ya kipimo hicho, na kadi ya memori inayopita mkono kwa mkono haidai bando.

Sasa ile nusu tunayoikosa. Nyumbani, asomaye mbele ya watu lazima awe ameshajulikana: kijana aliyesifiwa chuoni, mtangazaji, mwalimu. Redio imetuzoesha hivyo tangu Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951. Sauti ya hadharani ni ya aliyefuzu. Matokeo yake mtu wa Fumba anayeitwa kusoma hujibu kwamba hajui kusoma, na anamaanisha kwamba hajui kusoma kama redio. Anaogopa kuchekwa kwa lafudhi ya kusini, na mwenzake aliyekulia Muscat au Leicester anaogopa kuchekwa kwa Kiswahili kilichokaa nje sana. LibriVox ililimaliza jambo hili kwa kanuni moja tu: msahihishaji aseme neno lililorukwa, asiseme lolote juu ya namna ya kusoma. Kanuni hiyo inaweza kuletwa Fumba bila ya kubadilishwa. Wale wawili wenye vitabu wamkatize msomaji akiruka neno au akilisoma silo, na hapo idhini yao ikomee. Wapo watakaosema tutaharibu maandishi ya mkubwa wa lugha kwa kuyapitisha kwenye midomo ya kila mtu. Mwandishi huyo alizaliwa Vibambani, Tanga, na hakuandika kwa ajili ya mdomo wa Unguja wala wa studio. Mjumbe wa mashariki akisomwa na mtu wa Bweleo na wa magharibi na mtu wa Kizimkazi, nchi ya Kusadikika itasikika kubwa zaidi.

Hata sheria inaipendelea Fumba, jambo ambalo wengi wetu huku hawalitarajii. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 inahesabu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, nayo ilitimia mwisho wa 2012. Uingereza inahesabu miaka 70, ambayo itatimia mwisho wa 2032, na Marekani huweza kuhesabu miaka 95 tangu kitabu kuchapishwa, yaani hadi 2046. LibriVox inafuata hesabu ya Marekani, kwa hivyo hadithi hii haina nafasi kwao kwa sasa. Aliyeko Uingereza anayejifungia kabatini na kupakia sauti yake kwenye mtandao wa kule anajitafutia mashaka, ilhali aliyeko Fumba akisoma na kugawa Unguja anasimama mahali pazuri zaidi. Kwa upande wa heshima, si vibaya kuwataka radhi warithi wa mwandishi na kuwapelekea nakala, hata pale sheria isipodai.

Limebaki suala la nani asome nini, na najua sisi wa nje tutataka nini. Tutawataka wajumbe. Mtu aliyesafiri, akaona, akarudi na jambo la faida, akapokewa vibaya: hakuna msomaji wa ughaibuni asiyejiona humo, na ndiyo sababu moja ya hadithi hii kupendwa huku. Lakini tukiachiwa tuchague, rikodi nzima itakuwa malalamiko yetu kwa sauti ya Karama. Wajumbe wapigiwe kura baina ya watu wa vijijini, wanawake na wanaume. Wageni wa kutoka London na Copenhagen, na wanunuzi wa nyumba mpya, wapewe mashtaka ya mwanzo, yale ya Majivuno. Ni maneno ya mtu mwenye uhakika kwamba anaijua nchi kuliko wanaokaa ndani yake, na tutayasoma bila ya kuhitaji mazoezi mengi.