Ukuta wa Bombambili

Jumatatu, 24 Februari 2025
Mvua tena. Nyekundu yote imechuruzika mpaka mtaroni. Nimekwangua ukuta wa baa nianze upya, nikakuta nini? Kiroba cha pombe kali! Mchoro wangu mwenyewe, herufi za njano. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mimi nikapaka rangi juu yake, yakaisha. Nimesimama kwenye ngazi nikiutazama kama picha ya darasa la saba. Mkono ulikuwa mwepesi enzi zile.

Jumatano, 26
Mtoto kaniletea ugali. Yuko awali, hata "baba" hajui kuiandika, lakini ananyoosha kidole: ile ya mlima, ile ya tembo. Kilimanjaro, Ndovu, Serengeti, Safari. Hajavuka hata Njombe huyu, na vivutio vyote vya nchi ameshavijulia hapa baa. Nimecheka. Baadaye sikucheka. Mimi mwenyewe niliona Simba na Yanga, watani wasiopikika chungu kimoja, wote wawili wamevaa Kilimanjaro kifuani, na sikuona ajabu yoyote.

Ijumaa, 28
Chupa imenizidi urefu. Povu limekaa vizuri, nimelisifu mwenyewe. Maneno ya miaka 18 na "kunywa kistaarabu" nimeambiwa niyabane kule chini, upana wa kiganja. "Fundi, hapo watakaa watu na viti." Haya.

Kistaarabu. Hilo neno limenikaa kooni. Mama alikuwa anapika ugimbi siku za kulima kwa ujima. Jembe likilala, watu wanakunywa, wanacheza lizombe, kesho yake chungu kinafunikwa. Sasa akipika chungu anakificha nyuma ya nyumba. Baba mdogo akinywa kangara ni mlevi. Mwenye baa analewa kila jioni, lakini kwa chupa, kwenye glasi. Huyo ni bosi. Nani alitufundisha haya? Mmojawapo ni mimi, na brashi yangu ya inchi nne.

Jumapili, 2 Machi
Waislamu wameanza mfungo. Sikugusa rangi. Kichwa kizito, na sikunywa kitu.

Jumatano, 5 Machi
Majivu. Nimetoka misa na alama kwenye paji, nikapitia baa kudai hela yangu. Patupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Mwenye baa naye ana majivu usoni. "Siku arobaini tu, fundi, halafu Pasaka." Kanipa nusu. Nusu nyingine kreti moja ya bia, imejaa. Nifanye nini, kodi ya nyumba haipokei kreti.

Nimeibeba kwa bodaboda, nikaitia uvunguni.

Usiku. Mama ameitoa. Ameifuta vumbi, ameiweka sebuleni karibu na televisheni, mgeni akiingia tu anaiona. Kitambaa cha kufuma juu yake, hakikufika kufunika shingo za chupa.

Mama hanywi bia.