Uchungu wa Mwarobaini

Muheza ya miaka ya tisini ilikuwa ya machungwa na malaria. Kwetu mwarobaini ulisimama nyuma ya nyumba, na jioni wanawake walikaa chini yake kusuka ukili.

Zahanati ilitoa klorokwini. Homa ilishuka, lakini mwili uliwasha mpaka ukajikuna kwa gunzi la mahindi, na usiku hukulala. Wengi waliokimbilia majani hawakuwa wameidharau hospitali. Walikuwa wanaukimbia mwasho. Bibi alichemsha mwarobaini, akachuja kwa kipande cha kanga, akasimama mbele yako. "Kunywa yote, mjukuu wangu, usinibakizie." Uchungu ulikaa kooni hadi kesho yake.

Mafua yalikuwa na nyungu: kivumbasi, mchaichai, majani ya mlimau na ya mpera. Unagubikwa blanketi, jasho linatiririka, na shangazi anakutolea hadithi kwa nje ili usichomoke mapema. Jino liliuma, ukawekewa karafuu iliyotwangwa. Tumbo likiendesha, ulitafuna machipukizi ya mpera kwa chumvi. Mtoto wa kuachishwa ziwa alikuta titi limepakwa shubiri, akalia, akasusa.

Mafua yangeondoka yenyewe. Nyungu ilitupunguzia adha ya kuyasubiri. Malaria haikuwa na subira hiyo. Siku mdogo wangu alipokakamaa, macho yamegeuka, majirani walisema hilo ni degedege, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Wengi pwani waliamini hivyo. Bibi hakubishana nao. "Hili si la majani," alisema, huku keshamfunga mgongoni na kanga. Hospitali walimtundikia dripu ya kwinini. Alipopata nafuu alilalamika masikio yanamvuma, nasi tukacheka kwa furaha ya kumsikia akilalamika.

Mwaka 2001 serikali iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, na miaka michache baadaye dawa mseto. Mwasho ulipoisha, sufuria ya mwarobaini nayo ikaanza kukaa kabatini.

Nilipokuwa mkubwa nilimweleza Bibi kwamba kwinini hutoka kwenye gamba la mti, na kwamba Wajerumani waliuotesha mti huo Amani, milimani juu tu ya kwetu. Dawa mseto nayo, nikamwambia, asili yake ni pakanga ya China. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jambo moja: "Wao hupimaje?"

Swali lilikuwa la fundi. Yeye alipima kwa konzi. Mtu mzima kikombe, mtoto nusu yake, na jani la kiangazi alilihesabu kuwa kali kuliko la masika. Hospitali walimweka mdogo wangu kwenye mizani kabla hawajagusa chupa ya dawa. Bibi aliyaona yote siku ile, akayakubali, na tangu hapo mtoto mwenye homa kali hakuchemshiwa kitu nyumbani kwetu.