Simu Yangu Ilifukuza Chakula cha Watu

Wasee, leo wacha niseme ukweli hata kama unaniaibisha.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha mwaka wa 1977, kwa hivyo mimi mtoto wa Nairobi sikuwahi kuona mtu akiwinda. Nilipofika Ziwa Eyasi, Tanzania, nikaomba kwenda porini na Wahadzabe, ambao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Kichwani nilikuwa nawaza video tu.

Tulitoka alfajiri: vijana watatu, pinde zao, mbwa wawili na mimi. Wao wanatembea kimya kama kivuli. Mimi kila hatua nakanyaga kijiti, miiba inanivuta suruali.

Jua lilipochomoza, wa mbele akainua mkono. Digidigi! Akavuta upinde polepole. Nikatoa simu nirekodi, na nilikuwa nimesahau kuzima sauti. Ikalia. Digidigi huyo, kaenda.

Hakuna aliyenigombeza. Yule kijana alirudisha mshale, akasema tu, "Kaka, hiyo ilikuwa nyama ya watoto."

Afadhali angenitukana.

Tulirudi na ndege wawili wadogo. Kambini akina mama walikuwa wamechoma mizizi, na wakanigawia. Mimi, niliyewapotezea nyama!

Sisi tumezoea kugeuza maisha ya kila mtu kuwa video. Lakini kabla hujarekodi, jiulize: hapa nani atalala njaa? Siku hiyo simu ilibaki mfukoni, na ndiyo siku ninayoikumbuka vizuri zaidi.